Marehemu wa Majaribio

Wakala wa malipo alibonyeza mashine yake tena, safari hii taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Akasubiri. Upande wa pili wa kaunta Bibi Dobi naye alisubiri, mikono yake imeshika ukingo wa mbao, kitambulisho chake kimelala katikati. Nyuma yake foleni ya wazee ilikuwa imetoka kivulini na kuingia juani. Baadhi yao walikalia kreti za soda ambazo wakala huzitoa nje kila siku ya malipo, bila kuambiwa na mtu.

"Bibi," wakala alisema, akashusha sauti. "Humu wanasema wewe ni marehemu."

Bibi Dobi alimtazama kama anayengoja amalizie maneno.  Wakala aliigeuza mashine ili msichana aliyefuatana na Bibi asome mwenyewe.

Kitinda hakuhitaji kusoma. Neno lile alikuwa amempa Bibi yeye mwenyewe, kwa mkono huu huu uliokuwa umemshika kiwiko asiteleze.

"Marehemu nani?" Bibi aliuliza.

"Wewe, Bibi."

"Tangu lini?"

Wakala aliangalia tena, akataja mwezi uliopita. Bibi Dobi akatikisa kichwa polepole.

"Nimekufa mwezi mzima na nyumba nzima hakuna aliyeniambia," alisema. "Na leo asubuhi nimefua."

Foleni ilicheka. Wakala hakucheka. Alifungua friji, akatoa soda, akaifuta kwa kitambaa na kumpa Bibi, akisema huenda ni mtandao tu, aende ofisi ya mtaa watamrekebishia. Bibi alishukuru, kisha akampitishia soda mzee aliyekuwa nyuma yake anywe kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyepigwa na jua zaidi.

Njiani kurudi alitembea akizungumza. Alisema mashine nazo huchoka, kama watu. Alisema zile za hospitali, ambako alifua mashuka ya wagonjwa tangu ujana hadi mgongo ulipokataa, zilikuwa zikikataa kuzunguka siku za baridi, na ukizipa muda zinazunguka. Kitinda aliitikia kila neno. Walikuwa wapangaji wa nyumba moja, mlango kwa mlango, na kila mwezi alikuwa akimsindikiza kwa wakala na kumsomea namba ya kitambulisho kwa sababu macho ya Bibi hayakuona tena maandishi madogo. Ilikuwa ndefu namba ile, lakini kwa kuirudia alikuwa ameishika kichwani. Wema huo mdogo ndio uliokuwa umemponza Bibi Dobi.

*

Wiki kadhaa kabla ya siku ile, wizara inayolipa posho ya wazee ilikuwa imetangaza nafasi za wajaribu mifumo. Watu wengi nyumbani pale hawakuelewa ni kazi gani. Fundi Redio, mpangaji wa chumba cha mbele, aliuliza kama ni kweli serikali itamlipa mtu kwa kuharibu vitu, maana yeye huharibu bure. Kitinda alimweleza kwamba programu ya kompyuta ni kama daraja: kabla watu hawajapita, lazima mtu mmoja alirukierukie, alipige teke, aone litavunjikia wapi. Fundi alisema hapo ameelewa, na kwamba daraja la aina hiyo yeye hapiti.

Kitinda alikuwa amesomea kazi hiyo. Aliwahi kuifanya katika kampuni ndogo, kampuni ikafungwa, na tangu hapo alikuwa akikaa kwenye kibanda cha mtaani kuchapa barua za watu wengine za kuomba kazi. Nyumbani kwao yeye ndiye wa mwisho kuzaliwa, ndiyo maana ya jina lile, na wakubwa wake wote walikuwa wameacha kuuliza amefikia wapi. Tangazo lilipotoka alijichapia barua yake mwenyewe.

Siku ya usaili Bibi Dobi alimpigia pasi blauzi. Hakuombwa. Aliichukua kwenye kamba, akaiwekea wanga kidogo kwenye kola, akaileta ikiwa bado ina joto. "Watu wa ofisini huangalia shingo kwanza," alisema. "Wakiona kola imelala, hata akili wanadhani imelala."

Usaili wa vitendo ulifanyika katika ukumbi wa chuo, kila mtu mbele ya kompyuta yake. Waliambiwa wafungue mfumo wa posho ya wazee, huo huo unaobeba na kadi ya matibabu ya bure, watafute hitilafu na kuziandika. Atakayepata nzito zaidi ndiye atakayefaa. Ukitaka kumwingiza mzee wa kubuni, mfumo ulikataa namba ya kubuni. Ulitaka namba ya kweli ya mzee wa kweli. Ukumbi mzima ulikwama hapo. Mwanamke mmoja mjamzito, aliyekaa meza ya pili na ambaye asubuhi alikuwa amemwazima Kitinda kalamu, aliinua mkono akauliza kama huu ni mfumo wenyewe unaotumika au ni nakala.

Msimamizi hakuinua macho kwenye simu yake. Alisema ni wa majaribio, waendelee, muda unakwenda.

Basi Kitinda aliandika namba pekee ya mzee aliyokuwa nayo kichwani. Skrini ikafunguka na jina likatokea, jina refu la utotoni ambalo mtaani hakuna aliyelitumia, pamoja na mwaka wa kuzaliwa na namba ya simu. Hapo mkono wake ulisita. Aliona kabisa kwamba nakala ya majaribio isingekuwa na jina lile. Kisha alijiambia kwamba nakala hunakiliwa kutoka kwenye kitu cha kweli, kwa hiyo jina lazima liwemo, na pembeni yake vidole vya wengine vilikuwa vimeanza kugonga kama mvua juu ya bati. Alibonyeza palipoandikwa *Amefariki*.

Mfumo haukuuliza cheti wala nani anasema. Ulikubali.

Alifurahi. Hilo ndilo lililomkaa kooni baadaye kuliko kubonyeza kwenyewe. Moyo ulimruka kwa sababu hii ilikuwa hitilafu kubwa, ya kumpa mtu kazi. Akatafuta njia ya kumrudisha. Alipekua kila ukurasa, hakuna kitufe cha kurudisha mtu. Akafurahi mara ya pili, kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa hitilafu, tena nzito kuliko ya kwanza. Aliziandika zote mbili kwa mwandiko mzuri, hatua kwa hatua, na jioni hiyo akapita dukani akamnunulia Bibi Dobi mkate, asante ya kola.

*

Huko ofisi ya mtaa, Bibi na Kitinda walipokewa vizuri. Karani aliinuka akampa Bibi kiti chake mwenyewe, akasikiliza mpaka mwisho. Alisema jambo lenyewe ni jepesi, atamwandikia barua ya kuthibitisha kwamba yu hai, na barua hiyo itatosha. Aliingiza namba ili aichapishe. Akaingiza tena. Kisha akakuna paji la uso.

"Bibi, mimi nakuona," alisema. "Lakini barua yenyewe inatoka humu, na humu hawawezi kumtolea barua mtu aliyekufa."

"Uniandikie kwa mkono."

"Ya mkono hawaipokei siku hizi."

Walikwenda zahanati kuchukua dawa za presha. Kadi ilikataa. Muuguzi alitazama huku na huku, akafungua droo yake, akampa Bibi vidonge kidogo vilivyofungwa kwenye karatasi na kumwambia asiseme alivitoa wapi. Bibi alimwombea dua ndefu pale pale mlangoni, mpaka wagonjwa waliokuwa nyuma wakaitikia amina.

Siku za mwanzo nyumba nzima ilifanya mzaha. Fundi Redio alikuwa akipita akibisha hodi na kuuliza kama marehemu ana chumvi. Bibi alikuwa akijibu kwamba chumvi ipo, ila huko aliko hairuhusiwi kuazimwa. Watoto walimwita Bibi Mzimu, naye aliwakimbiza uani kwa ufagio. Halafu mzaha ukapungua wenyewe. Kitinda alianza kuona sufuria ya Bibi ikiwa juu ya jiko bila kuwa na moto chini yake, imewekwa tu ili watu wasiulize. Aliona wembe juu ya kibao, na vidonge vilivyokatwa nusu. Baadaye, robo.

Siku moja alipiga moyo konde akaingia chumbani kwa Bibi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alisema, "Bibi, kuhusu ile habari ya mashine. Mimi ndiye…"

Bibi Dobi alimwekea mkono gotini. Alimwambia asijilaumu, mjukuu wake, kwa kushindwa kumpatia ufumbuzi, maana hata karani mwenye ofisi ameshindwa. Alisema amehangaika naye vya kutosha. Kisha akasema jambo ambalo Kitinda alilibeba tangu siku hiyo kama jiwe ndani ya kiatu.

"Huyo aliyebonyeza huko, labda naye alikuwa na haraka zake. Labda ana mtoto mgonjwa. Mimi sina kinyongo naye."

Kitinda alikuwa na maneno mdomoni, yamejaa. Aliyameza. Akaomba kusaidia kuchota maji.

*

Simu kutoka wizarani ilikuja mchana, akiwa kibandani. Alikuwa amefaulu usaili wa vitendo, tena kwa alama za juu. Aje kwa mahojiano ya mwisho.

Bibi Dobi aliipiga pasi blauzi tena. Mkono wake sasa ulitetemeka na pasi iliacha mkunjo mmoja chini ya kwapa, ambao Kitinda aliuona na hakuuondoa. "Ukifika huko juu," Bibi alimwambia, "ukimwona anayehusika, niulizie. Usimgombeze. Mwambie tu nipo."

Mahojiano yenyewe yalikuwa mafupi. Waliomhoji walimuuliza maswali ambayo majibu yake yalikuwa kwenye tangazo. Walipomaliza na kukusanya karatasi zao, Kitinda aliomba kusema na Mkuu wa Kitengo peke yake. Mkuu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya kumlaza mtoto. Alimmiminia chai yeye mwenyewe na kumuuliza vijiko vingapi.

Kitinda alimweleza yote. Mkuu alisikiliza, kisha akainuka na kuufunga mlango.

"Huyo ni bibi yako mzaa nani?"

"Ni jirani, Mkuu."

"Ah. Jirani." Alikaa tena, kama mtu aliyepunguziwa mzigo. "Na nani alikuambia utumie namba ya mtu?"

"Namba za kubuni zilikataliwa."

"Sijauliza hilo, binti. Nauliza nani alikuambia."

Kitinda alitazama chai yake. Mkuu alimweleza kwa upole kwamba kuchezea taarifa za raia ni kosa, kwamba sheria ipo na ni kali, na kwamba anamwambia hivyo kama baba na si kama mkubwa wa ofisi.

"Tuliambiwa mfumo ni wa majaribio," Kitinda alisema.

"Nakala ya majaribio ililipiwa."

"Iko wapi, Mkuu?"

"Ililipiwa, binti."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akimwagilia maua ya wizara kwa mpira. Mkuu aliyatazama maua yale kwa muda. Halafu akatoa ripoti ya Kitinda kwenye jalada na kuisifu. Alisema kwa uandishi wake tu alistahili nafasi ile, na hata angekuwa binti yake wa kumzaa asingemwonea aibu. Tatizo lilikuwa ni hizo hitilafu mbili. Waziri anauzindua mfumo rasmi karibuni. Mkandarasi aliyeutengeneza ameshakabidhi na ameshasainiwa. Hitilafu kama zile zikionekana kwenye karatasi sasa, ataulizwa mkandarasi, na mkandarasi atauliza kwa nini watu wa usaili waliachiwa kuingia kwenye mfumo wenyewe, na hapo kila mtu atafukuzwa, na bibi yule ataendelea kuwa alivyo kwa sababu ofisi nzima itakuwa mahakamani. Zingeandikwa baadaye. Awamu ya pili.

Alimsogezea ripoti nyingine. Ilikuwa yake, neno kwa neno, isipokuwa pale penye hitilafu mbili palikuwa pameandikwa kwamba kipengele kimepimwa na kimepita. Chini palikuwa na nafasi ya saini.

"Ukiwa ndani, utamsaidia," Mkuu alisema. "Ukiwa nje, utamsaidia na nini?"

Kitinda alijua kwamba swali lile lilikuwa mtego. Alijua pia kwamba lilikuwa swali la kweli. Alifikiria kibanda, barua za watu, kaka zake wasiouliza tena. Alimfikiria Bibi Dobi pia, ndiyo, alimfikiria, na akajiambia kwamba ni kwa ajili yake. Akasaini. Mkuu alimpa mkono na kumwambia chai yake imepoa, amiminiwe nyingine.

*

Akawa ndani. Alipewa meza, kompyuta na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Siku ya kwanza tu alifungua jina la Bibi Dobi. Aliweza kulisoma. Hakuweza kuligusa. Wajaribu wa daraja lake huona kila kitu na hawabadilishi kitu.

Aliandika ombi kwa mkandarasi. Jibu lilikuja kwa heshima: tafadhali ambatisha barua ya uthibitisho wa uhai kutoka ofisi ya mtaa wa mhusika. Aliandika kueleza kwamba ofisi ya mtaa haiwezi kuitoa barua hiyo kwa sababu mfumo unamhesabu mhusika kuwa amekufa. Jibu lilikuja tena, kwa heshima ile ile: katika hali hiyo, mhusika afike mwenyewe na cheti chake cha kifo ili kibatilishwe. Cheti hakikuwahi kuwapo. Ndiyo ilikuwa hitilafu yenyewe, ya kwanza, ile aliyoisainia kwamba haipo.

Kwenye chumba cha mafaili alikuwapo mama mmoja mtu mzima waliyemwita Mama Masjala. Alikuwa na birika lake la umeme na vikombe vya ziada kwa yeyote atakayepita na uso mbaya. Alimwona Kitinda akipita, akamwita, akamketisha. Hakumuuliza. Alimwachia anywe, ndipo akasema anajua kinachomsumbua, kwa sababu si yeye peke yake.

"Usaili ule uliua wengi, mwanangu. Kila mmoja alikuja na babu yake kichwani."

Alimfungulia droo ya chini. Ilikuwa imejaa malalamiko, mengine yamechapwa, mengine yameandikwa kwa penseli na watoto wa shule kwa niaba ya babu na bibi zao. Yalitoka kila upande. Mama Masjala alisema yeye huyasoma yote kabla ya kuyafungia, walau wapate mtu mmoja wa kuwasoma.

Kitinda alimuuliza juu ya yule mwanamke mjamzito. Mama Masjala alimkumbuka vizuri. Alikuwa amekataa kuandika namba ya mtu yeyote. Alikaa mpaka muda ukaisha, akatoa karatasi tupu yenye mstari mmoja: kwamba hawezi kuendelea mpaka aonyeshwe nakala. Walimpa sifuri. Na msimamizi alikuwa amecheka akisema huyu hata kuanza hakuweza.

Mshahara wa kwanza ulipotoka Kitinda alikwenda moja kwa moja kwenye duka la dawa. Akanunua za presha, za kutosha. Akanunua na unga, mafuta, sukari, sabuni. Bibi Dobi alivipokea kwa mikono miwili, akaviweka chini, akakaa, akalia kidogo. Aliwaita wapangaji wote waje waone. Alisema wapo watoto wa kuzaa na wapo watoto wa Mungu, na huyu hapa Mungu alimleta mlango wa pili. Fundi Redio alipiga makofi. Kitinda alisimama katikati ya ua na mifuko mitupu mkononi, wakimsifu, na hakuna mahali pa kuweka uso.

Tangu hapo alinunua kila mwezi. Kila mwezi Bibi alimwombea dua, na kila dua ilikuwa ndefu kuliko iliyopita. Lakini dawa zilikuwa zimechelewa. Miguu ilikuwa imeshavimba, na daktari wa kulipia alisema moyo umechoka kusukuma, ilifaa aonwe hospitali kubwa kwa kadi. Kadi ilikuwa ya marehemu.

*

Mfumo ulizinduliwa, waziri akapigwa picha akibonyeza kitufe. Wiki iliyofuata Mkuu wa Kitengo alimpa Kitinda kazi yake ya kwanza ya peke yake. Mfumo ulikuwa umeongezewa kipengele cha kutuma rambirambi kwa familia za wazee waliofariki, ili serikali ionekane kuwa karibu na watu. Alikipima. Ujumbe ulifika, jina lilikaa mahali pake, tahajia ilikuwa sawa. Aliandika kimepita, na safari hii hakuwa na la kuficha, kwa maana kilikuwa kimepita kweli.

Jumapili hiyo alimkuta Bibi Dobi amekaa kwenye mkeka uani, amenyoosha miguu juu ya mto, anakunja nguo za wapangaji zilizokauka. Hakuwa na nguvu ya kufua tena, lakini kukunja alikuwa hajamwachia mtu. Hewa ilikuwa nzuri. Fundi Redio alikuwa amefungulia muziki kidogo, si kwa nguvu, kwa sababu Bibi alikuwa amemwambia kichwa kinamgonga.

Simu ya Bibi ililia kwenye kikapu cha vibanio.

"Hebu nisomee, mjukuu wangu. Mimi huniandikia nani?"

Kitinda aliichukua. Maneno aliyajua kabla ya kuyafikia. *Ndugu mfiwa. Serikali inakupa pole kwa msiba wa mpendwa wako.* Likafuata jina, lile refu la utotoni. *Tuko pamoja nawe katika kipindi hiki kigumu. Jibu 1 kukiri kupokea.*

"Nani?" Bibi aliuliza.

"Ni serikali, Bibi."

"Serikali." Bibi Dobi aliliweka chini shati alilokuwa akilikunja. Alivuta kitambaa cha kichwa kikae sawa na kuzifunika nyayo zake zilizovimba, kama mtu aliyefikiwa na mgeni kabla hajajiandaa. "Wanasemaje?"

Wimbo wa Fundi uliisha, ukaanza mwingine. Kitinda alitazama skrini. Mwanga wake ulififia, akaigusa, ukarudi.

"Wanakupa pole, Bibi."

"Pole?"

"Kwa yaliyokupata. Wanasema wako pamoja nawe."

 Uso wote wa Bibi Dobi ukafunguka, taratibu, mpaka kwenye macho. Alimwita Fundi Redio aje asikie. Aliwaita waliokuwa vyumbani. Alisema si aliwaambia, si aliwaambia kwamba mashine ukizipa muda zinazunguka, na kwamba huyu mtoto amefika huko juu na hakumsahau. Watu walitoka, wakasimama milangoni. Mmoja alishangilia kwa kigelegele kifupi.

"Wajibu basi," Bibi alisema. "Mtu akikupa pole huwezi kumwachia hewani. Waandikie nashukuru sana. Waandikie bado nipo, ila miguu tu."

Mfumo haukupokea maneno. Kitinda alijua, alikuwa ameupima. Ukiandika neno lolote, mfumo hulitupa. Hupokea ile namba moja tu, na moja ikishaingia, faili la marehemu hufungwa na kupelekwa kwenye hifadhi, na kutoka hifadhini hakuna kitu kinachorudi.

"Umeandika?"

"Naandika, Bibi."

Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya simu, kidole gumba hewani. Uani pote watu walikuwa wametulia, hata muziki ulikuwa umepunguzwa. Bibi Dobi alisogea karibu kwenye mkeka, akamwegemea kwa bega na kumshika kiwiko asitetemeke, akitazama pamoja naye kile kioo asichoweza kukisoma, akingoja kusikia mlio wa ujumbe unapokwenda.